Pima Umbali wa Anayekusikia

Ipo siku moja, mwanangu, ninayoikumbuka vizuri kuliko siku ya harusi yangu. Mama wa nyumba hii akisikia hivyo atanuna, lakini atanuna huku akijua kuwa nasema kweli. Siku hiyo nilisimama uani kwenye nyumba ya misheni, kule mtaa wa Makiso, nimeshika kipande cha katoni ya sabuni mbele ya kifua. Kwenye katoni paliandikwa kwa Kiingereza maneno yenye maana ya "kabla ya mvua". Mwalimu Yenga alinijia polepole, mikono nyuma, akanikagua kama mtu anayekagua samaki sokoni. Kiswahili chake kilikuwa cha kwetu, kimechanganyika na Kifaransa.

"Weye uko nani?"

"Kabla ya mvua, Mwalimu."

"Bon. Kabla ya mvua, nini ilifanyika?"

"Sijui, Mwalimu."

"Alors unasimama peke yako hapo juu ya sababu gani? Enda kutafuta mwenye anajua."

Nikazunguka ua nikitafuta. Mwenzangu mmoja alikuwa na katoni ya "wavuvi", mwingine "walitoa nyavu majini", na mwingine "kwa sababu upepo ulibadilika". Tulisukumana, tukapangana, tukapangua, mpaka Mwalimu alipousoma mstari wetu kutoka kichwa hadi mkia na kusema haya, kaeni. Ndivyo tulivyojifunza kujenga sentensi za Kiingereza, kwa miguu.

Vitabu vyenu vya leo vinasema kirai na kishazi. Mwalimu Yenga, aliyejifunza lugha ile Uganda aliposomea uuguzi, alisema kipande kidogo na kipande kikubwa, basi. Kipande kidogo hakina anayetenda wala tendo, kama kile changu cha kabla ya mvua. Kipande kikubwa kina mtu na tendo lake. Lakini kikubwa hicho kikianza na "kwa sababu" au "ingawa", alisema, neno la mbele limekishika mkono, hakiwezi kwenda popote mpaka mwenzake aje. Nilielewa upesi. Kuelewa hakukuwa shida yangu.

Nakuambia haya kwa sababu jana nilikusikia ukikitupa kitabu chako mezani, ukisema sentensi za Kiingereza hazikubali kukaa, na kwamba watu wa darasani wanakucheka. Basi kaa hapa. Chai inakuja. Jungu kuu halikosi ukoko, labda utaukwangua kidogo ukakufaa.

Ilikuwa miaka ya hamsini, mji huu ukiwa bado na jina la mzungu. Nilikuwa kijana wa Yanonge, mtoto wa watu wa mto, nimekuja mjini kukaa kwa tonton, yaani mjomba wangu. Mchana nilibeba magunia bandarini, na saa za alasiri nilikwenda kwa Mwalimu Yenga. Hospitali ya misheni ilikuwa na masua yake, chombo cha injini kilichopita kijiji kwa kijiji kutibu watu. Daktari mpya alikuwa mwanamke kutoka Uingereza. Kwetu daktari ni munganga, kwa hiyo sote tulimwita Mama Munganga. Alikuwa amesoma Kifaransa, lakini Kifaransa chake kilikuwa cha vitabuni na chetu kilikuwa cha bandarini, havikukutana. Alihitaji mtu wa kumtafsiria kwa Kiingereza chake, na Mwalimu Yenga akaahidi kumletea vijana wawili ili achague mmoja.

Niliitaka nafasi ile, mwanangu. Papa, yaani baba yangu, alikuwa ametuma neno kutoka Yanonge: kama nisingepata kazi ya kueleweka kabla ya Noeli, nirudi nyumbani nishike nyavu. Nyavu si aibu, samaki wa nyavu zile ndio walionilea. Lakini moyo ukishapenda kitu kingine, utaufanyaje?

Sasa sikiliza shida yangu ilipokuwa. Kwetu habari zilisafiri kwa lokole. Ni gogo lililochimbwa ndani, lenye midomo miwili, mmoja una sauti nene na mwingine sauti nyembamba. Kwa sauti mbili huwezi kusema neno moja tupu likaeleweka, maana maneno mengi yatafanana. Kwa hiyo kwenye lokole kila neno hutembea na ndugu zake. Ngoma haisemi mtumbwi, husema mtumbwi, mwana wa mti mkubwa, unaopita juu ya maji. Haisemi mwanamke, husema mwanamke, mwenye jembe la asubuhi, mama wa moto wa jikoni. Tena kabla ya habari yenyewe, ngoma huita, hutaja majina ya anayeitwa, na ikimaliza hurudia yote. Mpigaji wa kijiji chetu alikuwa Nkoko wangu, yaani baba wa baba yangu. Nilianza kuisikia ngoma yake nikiwa bado mgongoni mwa mama.

Basi Mwalimu Yenga alipotufundisha kuunga kipande na kipande, mimi nilifurahi mno. Nikasema moyoni, kumbe Waingereza nao wana lokole! Kila neno nililipa ndugu zake. Mwalimu alitaka sentensi kuhusu mtumbwi kufika, nami nikasimama nikasoma kwa sauti: mtumbwi, mwana wa mti mkubwa, unaopita juu ya maji, umefika.

"Na mutumbwi ingine inapita wapi?" Mwalimu aliuliza. "Juu ya nyumba?"

Walicheka hadi mmoja akakaa chini. Tangu siku hiyo jina langu likawa Lokole. Nikiingia, mtu anagonga benchi, nene, nyembamba, nene. Hata Petelo, aliyekuwa mwerevu kuliko sote na mtu wa adabu, aliuma mdomo asicheke.

Niliona aibu, mwanangu, aibu ya kweli. Nikaanza kukata. Nilikata ndugu wote wa maneno, nikakata kwa sababu, ingawa na wakati, nikabaki na vijineno viwili vitatu kwa pumzi moja. Mtu amekuja. Mtu anaumwa. Ukiniuliza mtu gani, amekuja lini, anaumwa wapi, sikujibu, niliogopa kurefusha. Mwalimu akashika kiuno.

"Zamani ulikuwa lokole. Leo umekuwa bubu. Donc nimupelekee Mama Munganga bubu?"

Tena kulikuwa na jambo lingine, nawe ulijue ingawa linachoma. Siku zile mtu mweusi hakumkatiza mzungu maneno. Mwalimu alitupenda, kwa hiyo alitufundisha vipande vidogo vya kujikinga navyo: kama Madamu ataniruhusu, kwa heshima yote, nikiomba radhi kwa kumsumbua. Tuliviimba kila alasiri mpaka vikawa vinatoka vyenyewe kabla hujafikiri. Urefu wote mwingine niliukata, lakini huu nilibaki nao.

Wiki chache kabla ya safari ya kujaribiwa na Mama Munganga, Nkoko alikuja mjini kuuza samaki wa kukaushwa. Alinikuta kando ya mto, nimekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, katoni zangu zimetandazwa, nasema peke yangu. Alikaa karibu, akatoa tumbaku yake, akanisikiliza muda mrefu.

"Unaongea na nani?"

"Ninajifunza Kiingereza, Nkoko."

"Na Kiingereza njo inakufanya uso sawa mutu mwenye kuumwa tumbo?"

Nilimweleza yote. Nilimwambia wananiita Lokole, wanagonga benchi nikipita. Nilimwambia pia kuwa nimeacha, kwamba sasa nasema kwa vipande vifupi na sitaki mtu ajue nimetoka kwenye kijiji cha ngoma. Hapo aliacha kutafuna tumbaku. Nilidhani atanihurumia, kumbe hasira ilikuwa inapanda.

"Nani alikuambia lokole inasema murefu sababu inapenda kusema? Inasema murefu sababu mutu iko mbali! Mutu akikaa na weye kwa mukeka moja, unamupigia lokole? Weye ulipiga lokole ndani ya nyumba, batu banacheka. Iko sawa, bacheke. Lakini sasa umeitupa lokole ndani ya mayi. Ile njo upumbavu." Akatema mate mtoni. "Mbele ya kufungua kinywa, angalia kwanza: mwenye kusikia iko wapi? Iko mbali? Mupe maneno na ndugu yake yote. Iko karibu? Mupe samaki, kikapu itafuata."

Aliniacha pale na katoni zangu. Mkataa kwao ni mtumwa, mwanangu. Methali hiyo niliisoma vitabuni baadaye, lakini kofi lake nililipata siku ile, bila mkono kuinuliwa.

Tangu hapo nilibadili mazoezi. Kila habari niliijenga mara mbili. Kwanza kwa mtu aliye kwenye mkeka wangu: kipande kikubwa kinachojitegemea kitangulie, kichwa na miguu yake. Kisha kwa mtu aliye mbali, asiyemjua mgonjwa wala mahali: mgonjwa gani, aliyetoka wapi, tangu lini, kwa sababu gani. Vipande vilevile, nikivipanga upya. Haba na haba hujaza kibaba, na baada ya muda Mwalimu alinisikiliza bila kushika kiuno. Hakunisifu, hakuwa mtu wa kusifu, ila aliandika jina langu pamoja na la Petelo.

Tukapanda masua ya hospitali kushuka mto. Yanonge ndiko tulikojaribiwa, na ndiko kwetu, fikiria moyo wangu ulivyokuwa! Asubuhi ilikuwa zamu ya Petelo. Alitafsiri kwenye kivuko mbele ya watu wengi, akafanya vizuri, sitamnyang'anya haki yake. Mama Munganga alimwitikia kwa kichwa mara nyingi. Niliposimama nyuma yao nilijiona tayari nimekaa kwenye mtumbwi wa Papa, nakunjua nyavu.

Mchana zamu ikawa yangu. Kwenye kisiwa kilicho ng'ambo palikuwa na mzee mwenye kidonda mguuni asiyeweza kuvuka, kwa hiyo tulimfuata. Wapiga kasia wawili walituvusha, Petelo akabaki kwenye masua na wauguzi. Mzee alikuwa mcheshi. Mama Munganga alipiga magoti akisafisha kidonda, nami nikiwatafsiria taratibu, na kila kitu kilikwenda sawa.

Hapo lokole ikaanza kulia ng'ambo, upande wa Yanonge. Nilimjua mpigaji kabla sijaijua habari, kwa namna alivyokaza mkono kwenye sauti nene. Alikuwa Nkoko. Mama Munganga alitabasamu bila kuinua kichwa, akaniuliza kama kuna dansi leo. Masikio yangu yalikuwa juu ya maji. Ngoma ilimwita yeye, kwa jina ambalo wazee walikuwa wamempa bila yeye kujua: mwanamke mweupe, asiyeogopa damu ya watu, aliyekuja na masua ya dawa. Kisha ikasema: mwanamke, mwenye jembe la asubuhi, mama wa moto wa jikoni, amempokea mtoto, aliyekaa kwa siri tumboni, damu, maji mekundu ya mwili, inakwenda, haishiki njia ya kurudi, njoo, na miguu yako yote miwili, njoo. Halafu ikaanza tena tangu mwanzo.

Wapiga kasia walikuwa wamesikia kama mimi. Hawakuuliza mtu, walikimbia kwenye mtumbwi. Mama Munganga akawaona wakikimbia, uso ukamgeuka. Akaniuliza kwa ukali wanakwenda wapi na nani amewaruhusu.

Mwanangu, fikiria. Mzungu amekasirika, na mimi ndiye niliye mbele yake. Vile vipande vya kujikinga vilinijaa mdomoni vyote kwa pamoja: kama Madamu ataniruhusu, kwa heshima yote, nikiomba radhi. Nyuma yake niliisikia ngoma, na ngoma nayo ilinitaka nianze na jina lake la sifa, mwanamke mweupe, asiyeogopa damu. Huku urefu, huku urefu, na ng'ambo damu ilikuwa inakwenda. Nilimwangalia. Alikuwa hatua mbili kutoka kwangu, kwenye mkeka wa mzee yule, mikono yake ina dawa.

Nikasema kwa Kiingereza: "Mwanamke amejifungua na damu haikatiki, ng'ambo, pale tulipoacha masua."

Nilipofika kwenye neno damu alikuwa ameshasimama. Nilipofika kwenye neno ng'ambo, mkoba ulikuwa begani. Kipande cha mwisho nilikimalizia nikikimbia nyuma yake, mzee wa kidonda akitupigia kelele twende, twende, mguu wake utangoja.

Ndani ya mtumbwi, wapiga kasia wakikata maji, akaniuliza habari. Hapo sasa wakati ulikuwepo, maana mto wetu si mwembamba. Nilimpa ndugu wa maneno mmoja mmoja, kama wapiga kasia walivyonieleza, maana mjamzito aliyekaribia kijijini alikuwa mmoja tu. Ni mwanamke ambaye amewahi kuzaa. Ni yule aliyekuja asubuhi akiwa amemshika mkono mama yake. Bila shaka alijifungua nyumbani, wakati sisi tulipokuwa tunavuka. Kila kipande alikipokea na kuandaa kitu mkobani.

Alichofanya ndani ya nyumba ile sikukiona, nilikaa nje ya pazia nikipitisha maneno, mara yake, mara ya yule mama aliyejifungua. Vyote vilikuwa vifupi. Lala. Kunywa. Shika hapa. Jua lilipoanza kushuka akatoka, akakaa chini kwenye udongo kama mtu yeyote, akasema ataishi. Wanawake wakapiga vigelegele, nami nikalia bila kujificha. Mtoto yule yuko mpaka leo, tena ni babu, anajisifu kuliko mimi kuhusu siku ile.

Kabla masua haijaondoka Mama Munganga alituita, mimi na Petelo. Alimwambia Petelo kuwa Kiingereza chake ni kizuri na kitamfikisha mbali, na kweli kilimfikisha. Kisha akaniambia mimi nilete vitu vyangu kwenye masua. Petelo akanishika mkono, akaniita Lokole, na safari hii jina lile halikuniuma.

Nkoko alishuka kivukoni kuniaga, ameshika kwanga, mkate wetu wa muhogo, na samaki waliofungwa kwenye majani.

"Mimi nilipiga mingi," akasema. "Weye ulimuambia nini?"

Nikamwambia kwa lugha yetu, neno kwa neno kama nilivyosema kisiwani. Akangoja. Alidhani naendelea.

"Ni ile tu?"

"Ni ile tu, Nkoko."

Akanipa kwanga.

"Bon. Alikuwa karibu."

Mwalimu Yenga aliposikia, alichotaka kujua kwanza ni kama kweli nilimjibu mzungu bila kuomba radhi. Nilipokiri, alivua miwani akaifuta, halafu akasema tutavitoa vile vipande vya kujikinga kwenye mazoezi ya wadogo. Na akavitoa. Sikupata kumheshimu mtu kama nilivyomheshimu siku hiyo.

Kwa hiyo, mwanangu, okota kitabu chako. Wanaokucheka wacheke wanavyotaka, heri kujikwaa kidole kuliko ulimi, na wewe huko darasani bado unajikwaa kidole tu. Fanya mazoezi ya vipande vyako kila siku, vidogo na vikubwa, mpaka ujue kipi kinasimama chenyewe na kipi kinangoja mwenzake. Lakini usidhani kazi imeisha hapo. Kabla ya kusema, mtazame anayekusikia. Aliye mbali, asiyekujua wala kujua kwenu, mpe maneno na jamaa yake yote, usimnyime kwa kuogopa kuchekwa. Aliye karibu na ana haraka, mpe jambo lenyewe kwanza, hata kama ni mkubwa, hata kama unamwogopa. Heshima haiko katika kumzungusha mtu wakati damu inatoka. Na lugha yoyote utakayojifunza, ingia nayo ukiwa na ngoma ya kwenu mgongoni. Siku moja itaitwa.

Mungu aliyempa Nkoko mikono ya kufika ng'ambo akupe wewe ulimi wa kufika. Akukalishe kati ya watu, usiwe bubu wala kelele. Na siku neno lako litakapohitajika, asikuache usimame peke yako, umeshika katoni yako, hujui kabla ya mvua kulifanyika nini.